Utoaji Mimba na Sheria: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya huulizwa kwa sauti ya chini, na mara nyingi muulizaji ana haraka. Majibu anayopewa huwa mawili tu: "inaruhusiwa" au "utafungwa". Yote mawili humpotosha. Sheria za nchi nyingi hukataza kutoa mimba, kisha huruhusu katika hali fulani, na wengi wanaoumia ni wale ambao sheria ilikuwa upande wao lakini hakuna aliyewaambia. Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili yao, na kwa ajili ya ndugu, wauguzi na marafiki wanaoulizwa usiku wa manane na hawajui waseme nini.

Kutoa mimba ni halali au ni kosa?

Inategemea nchi, sababu na umri wa mimba. Zipo nchi ambazo mwanamke akiomba anahudumiwa bila kutakiwa kutoa sababu, mradi mimba haijapita wiki zilizowekwa: Afrika Kusini wiki 12, Ajentina wiki 14, Uswidi wiki 18, Kolombia wiki 24. Zipo zinazotaka sababu: maisha ya mama, afya yake, kubakwa, kuzaa na ndugu wa damu, ulemavu mkubwa wa kijusi, au hali ngumu ya kiuchumi na kijamii. Na zipo chache zisizoruhusu kabisa.

Kanada imechukua njia yake. Tarehe 28 Januari 1988 Mahakama ya Juu ilifuta kifungu cha jinai kuhusu utoaji mimba katika kesi ya daktari Henry Morgentaler, na tangu hapo Bunge halijaweka kingine. Huko jambo hili linasimamiwa kama huduma nyingine za tiba. Ujerumani nayo iko katikati kwa namna ya pekee: kutoa mimba bado ni kosa katika sheria ya jinai, lakini haliadhibiwi ikiwa mwanamke amepata ushauri rasmi, amesubiri siku tatu, na mimba haijapita wiki 12 tangu kutungwa.

Kwa hiyo mtu akikuuliza kama ni halali, muulize kwanza: wapi, kwa sababu gani, na mimba ina muda gani.

Ni nchi zipi zinazokataza bila kuacha nafasi yoyote?

Ni chache kuliko watu wanavyodhani. El Salvador (tangu 1998), Nikaragua (tangu 2006), Honduras na Jamhuri ya Dominika ndizo zinazotajwa sana. Malta ilikuwa kwenye orodha hiyo hadi Juni 2023, iliporuhusu pale tu maisha ya mama yanapokuwa hatarini. Chile iliondoka humo mwaka 2017.

Sheria ikisema "kuokoa maisha ya mama", ina maana asubiriwe hadi awe mahututi?

Hapana. Hata hivyo hili ndilo swali ambalo majibu mabaya yameua watu, kwa hiyo tukae nalo kidogo.

Mwaka 1938 jijini London daktari aitwaye Aleck Bourne alimtoa mimba msichana wa miaka 14 aliyebakwa na wanajeshi, kisha akajipeleka mwenyewe mbele ya sheria ili jambo hilo liamuliwe hadharani. Jaji aliliambia baraza la wazee wa mahakama kwamba daktari hapaswi kungoja mpaka mgonjwa awe anakata roho. Akiwa na sababu za msingi za kuamini kwamba mimba ikiendelea itamharibu mwanamke kimwili au kiakili, anaweza kuhesabiwa kuwa anayahifadhi maisha yake. Bourne aliachiwa huru. Mahakama za nchi kadhaa zilizorithi sheria za Uingereza zimeufuata uamuzi huo, na ndiyo maana maneno machache ya "kuhifadhi maisha ya mama" katika sheria ya adhabu yanaweza kubeba mengi kuliko yanavyoonekana.

Upande wa pili ni Ireland. Katiba yake ilibadilishwa mwaka 1983 ili uhai wa kijusi uwe sawa na uhai wa mama. Oktoba 2012 Savita Halappanavar, daktari wa meno, alilazwa hospitalini mjini Galway mimba yake ya wiki 17 ikiwa inaharibika. Aliomba itolewe. Hakuhudumiwa kwa alichoomba kwa sababu moyo wa kijusi ulikuwa bado unapiga. Akapata maambukizi ya damu na akafa akiwa na umri wa miaka 31. Tarehe 25 Mei 2018 Waireland walipiga kura ya maoni, na asilimia 66.4 wakakubali kukiondoa kifungu kile. Huduma zilianza Januari 2019, na ndani ya wiki 12 za mwanzo mwanamke hatakiwi kutaja sababu.

Daktari anayeogopa jela husubiri. Chupa ya uzazi ikipasuka mapema, kila saa inayopita huongeza uwezekano wa maambukizi, na maambukizi ya damu yakishika kasi dawa huchelewa. Sheria isiyosema wazi ni lini daktari anaruhusiwa kutenda ni ya hatari hata kama ina ruhusa ndani yake.

Neno "afya" linahusu afya ya akili pia?

Katika nchi nyingi, ndiyo. Shirika la Afya Duniani huhesabu afya kuwa ya mwili, akili na hali ya kijamii. Itifaki ya Maputo, nitakayoieleza hapa chini, inataja afya ya akili kwa jina. Lakini zipo sheria za hivi karibuni, hasa katika baadhi ya majimbo ya Marekani, zilizoandikwa makusudi kuiondoa. Lazima usome maandishi yenyewe.

Wiki za mimba zinahesabiwaje?

Huanza kuhesabiwa siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Haianzi siku ya kujamiiana wala siku mimba ilipotungwa. Watu wengi hawalijui hili, na huwagharimu.

Chukua mwanamke mwenye mzunguko wa siku 28. Mimba hutungwa karibu na siku ya 14. Siku anayotarajia hedhi na isije, hesabu ya kitabibu inasema tayari ana mimba ya wiki nne. Akikaa wiki mbili akidhani ni uchovu au mabadiliko ya kawaida, amefika wiki sita. Kwa hiyo sheria inayokataza baada ya wiki sita inampa kama siku 14 za kugundua, kuamua, kupata miadi na kusafiri. Mwenye hedhi isiyo na mpangilio, anayenyonyesha, au msichana ambaye hajazoea mwili wake anaweza asipate hata siku moja.

Tena nchi hazihesabu kwa namna moja. Ufaransa ikisema wiki 14 inahesabu tangu mimba kutungwa, sawa na wiki 16 tangu hedhi ya mwisho. Uingereza ikisema wiki 24 inahesabu kutoka hedhi. Ukilinganisha sheria za nchi mbili bila kuuliza zimeanzia wapi, utakosea kwa wiki mbili nzima. Ikiwa hukumbuki tarehe ya hedhi, kipimo cha utrasaundi katika miezi mitatu ya mwanzo hukadiria umri wa mimba vizuri.

Mimba yangu ilitoka yenyewe. Naweza kushtakiwa?

Mimba kuharibika yenyewe si kosa. Jinai inahitaji kitendo na nia, na hapo hakuna chochote kati ya hivyo. Mimba nyingi hutoka zenyewe, hasa katika wiki 12 za mwanzo, na mara nyingi chanzo ni kasoro ya vinasaba ambayo mama hakuisababisha wala asingeweza kuizuia.

Hata hivyo hofu hii ina msingi, na nisingependa kuipuuza. Mwanamke wa El Salvador anayejulikana mahakamani kwa jina la Manuela alifika hospitalini mwaka 2008 akivuja damu baada ya kupoteza mimba. Alitiwa nguvuni akiwa bado mgonjwa, akahukumiwa miaka 30 kwa mauaji, na mwaka 2010 akafa kwa saratani akiwa mfungwa. Novemba 2021 Mahakama ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliamua kwamba serikali ilihusika na kifo chake, na kwamba siri kati ya mgonjwa na daktari ilipaswa kulindwa.

Kitabibu, mimba iliyotoka yenyewe na iliyotolewa kwa dawa hufanana sana zinapofika hospitalini: damu, maumivu ya tumbo, mabaki katika mfuko wa uzazi. Matibabu nayo ni yale yale. Anayekutibu anahitaji kujua umri wa mimba, damu imetoka kwa muda gani, una homa au huna, na dawa gani umetumia zinazoweza kugongana na atakazokupa.

Natoka damu nyingi na naogopa kwenda hospitali.

Nenda sasa. Maswali mengine yatangoja.

Dalili zisizosubiri asubuhi ni hizi: damu inayolowesha pedi mbili kubwa kila saa kwa saa mbili mfululizo; homa au kutetemeka; uchafu wenye harufu mbaya ukeni; maumivu makali ya tumbo yasiyopungua; kizunguzungu, kuzimia, au moyo kwenda mbio. Usiende peke yako ikiwezekana.

Huduma baada ya mimba kutoka inatolewa kisheria hata katika nchi zinazokataza utoaji mimba. Katika Mkutano wa Idadi ya Watu na Maendeleo uliofanyika Cairo mwaka 1994, serikali 179 zilikubaliana kwamba mwanamke mwenye madhara yaliyotokana na utoaji mimba lazima apate matibabu bora popote alipo, sheria iwe imeruhusu au imekataza. Mkutano huo huo ulisema utoaji mimba usihimizwe kamwe kama njia ya uzazi wa mpango. Waliokuwa wakivutana juu ya kila kitu kingine waliweza kuafikiana kwamba anayevuja damu atibiwe. Muuguzi anayemsuta mgonjwa mlangoni, au anayemtaka "akiri" kwanza, anavunja maadili ya kazi yake.

Na mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi?

Hiyo ni dharura ya kitabibu. Mimba iliyotunga kwenye mrija haiwezi kukua ikazaliwa, na mrija ukipasuka mama anaweza kufa kwa damu inayovujia ndani ya tumbo. Matibabu yake, ya dawa au ya upasuaji, yanaruhusiwa hata chini ya sheria kali. Maumivu makali ya upande mmoja wa tumbo au ya ncha ya bega katika mimba changa yasicheleweshwe.

Vidonge vya dharura baada ya tendo ni kutoa mimba?

Hapana. Kazi yake kubwa ni kuchelewesha yai kutoka, kwa hiyo mimba haitungwi. Mwanamke ambaye tayari ni mjamzito akivimeza, havitoi mimba. Hufanya kazi vizuri zaidi vinapowahiwa, na mwisho wake ni siku tano baada ya tendo.

Nimebakwa. Lazima nianze polisi?

Kwa afya yako, anza na kituo cha afya, ndani ya saa 72 ikiwezekana. Dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazifanyi kazi baada ya muda huo, na vidonge vya dharura kadiri unavyochelewa ndivyo nguvu yake inavyopungua. Ushahidi wa kitabibu nao hupotea haraka. Kuna nchi zinazotaka fomu ya polisi kabla ya uchunguzi, na hapo mwombe muuguzi akuhudumie kwanza huku fomu ikifuatiliwa.

Kuhusu mimba yenyewe, sheria zinatofautiana kwenye ushahidi. Baadhi hutaka hati ya polisi au ya mahakama, nyingine huridhika na kauli ya mwanamke. Ethiopia, baada ya mageuzi ya sheria ya jinai ya mwaka 2005, inatosheka na maelezo ya mwanamke kwamba mimba imetokana na kubakwa. Rwanda iliwahi kudai amri ya mahakama, na katika mabadiliko ya 2018 ikaachana na sharti hilo. Walikuwa na sababu: kesi huchukua miezi, na mimba haisubiri kesi.

Msichana wa chini ya miaka 18 anahitaji ruhusa ya mzazi?

Nchi nyingi hutaka mzazi, mlezi au jaji aidhinishe. Afrika Kusini haitaki. Sheria yake ya mwaka 1996 inamtaka mhudumu amshauri msichana azungumze na mzazi, mlezi au ndugu, lakini akikataa hanyimwi huduma. Wengine huona hilo ni kumvunjia mzazi heshima. Mimi naona walioandika sheria ile waliwafikiria wasichana ambao aliyewapa mimba anaishi nao nyumba moja.

Kumbuka pia kwamba mimba ya mtoto mdogo huwa yenyewe ni ushahidi wa kosa lililotendwa na mtu mzima. Na mwili wa mtoto wa miaka 12 au 13 hubeba mimba kwa hatari kubwa zaidi: kifafa cha mimba, uchungu uliokwama, fistula.

Mume anaweza kukataza, au kulazimisha?

Kulazimisha, hapana: kumtoa mtu mimba bila ridhaa yake ni jinai hata katika nchi zilizoruhusu utoaji mimba. Kukataza, inategemea. Japani na Uturuki sheria hutaka idhini ya mume kwa mwanamke aliyeolewa, na kuna hali ambazo sharti hilo huondolewa. Uingereza mume mmoja alikwenda mahakamani mwaka 1978 kumzuia mkewe, akashindwa, akapeleka shauri Ulaya, akashindwa tena mwaka 1980.

Nani hushtakiwa: mwanamke, daktari, au aliyeuza dawa?

Sheria zilizorithiwa kutoka Uingereza huwakamata wote watatu. Katika sheria za adhabu za Kenya na Tanzania, mtu anayemtoa mwanamke mimba kinyume cha sheria anaweza kufungwa hadi miaka 14, mwanamke mwenyewe hadi miaka 7, na anayetoa dawa au vifaa akijua vitatumika kwa hilo hadi miaka 3. Poland, ambayo sheria yake ni kali, haimwadhibu mwanamke, humwadhibu anayemsaidia. Majimbo ya Marekani yaliyokataza nayo kwa kawaida humlenga mtoa huduma.

Sheria hizi zilitoka wapi?

Nyingi ni za karne ya 19. Sheria ya Uingereza ya mwaka 1861 kuhusu makosa dhidi ya mwili wa mtu iliweka adhabu ya kifungo cha maisha, na wakoloni wakasambaza vifungu vya namna hiyo Afrika, Asia na Karibi. Wafaransa, Wareno na Wahispania walifanya vivyo hivyo kwa sheria zao. Kisha Uingereza yenyewe ikajilegeza mwaka 1967, wakati makoloni mengi yalikuwa yamepata uhuru na kubaki na maandishi ya zamani. Anayesema sheria hizi ni mila za mababu zetu ajue kwamba vifungu vyenyewe viliandikwa London.

Wa kwanza kuruhusu kwa ombi la mwanamke walikuwa Urusi ya Kisovieti, mwaka 1920. Stalin akapiga marufuku mwaka 1936 akitaka watoto wengi, na ikaruhusiwa tena mwaka 1955, miaka miwili baada ya kifo chake. Tunisia iliruhusu mwaka 1973, miaka miwili kabla ya Ufaransa.

Itifaki ya Maputo inasema nini?

Ni mkataba wa Umoja wa Afrika kuhusu haki za wanawake, uliopitishwa Maputo Julai 2003 na kuanza kutumika Novemba 2005. Ibara ya 14 inazitaka nchi wanachama kuruhusu utoaji mimba wa kitabibu katika hali hizi: shambulio la kingono, kubakwa, mimba ya ndugu wa damu, na pale mimba inapohatarisha afya ya akili au ya mwili ya mama, au maisha ya mama au ya kijusi.

Kutia saini hakutoshi. Kenya na Uganda ziliridhia mwaka 2010 huku zikijitenga na kipengele hicho. Tanzania iliridhia mwaka 2007, lakini sheria yake ya adhabu imebaki na maneno ya zamani. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliichapisha Itifaki katika gazeti rasmi la serikali mwaka 2018, na kwa mujibu wa Katiba yake mkataba ulioridhiwa na kuchapishwa una nguvu kuliko sheria ya kawaida. Kenya nayo, ingawa ilijitenga na kipengele kile, ina Ibara ya 26(4) ya Katiba ya 2010 inayoruhusu pale ambapo mtaalamu wa afya aliyefunzwa anaona kuna haja ya matibabu ya dharura, au maisha au afya ya mama iko hatarini. Ibara hiyo imesema mtaalamu wa afya. Haikusema daktari peke yake.

Kukataza kunapunguza utoaji mimba?

Kunabadilisha mahali unapofanyika na nani anakufa. Ushahidi mkubwa zaidi unatoka Romania. Mwaka 1966 Nicolae Ceaușescu alitoa amri ya 770 iliyokataza utoaji mimba kwa wanawake wengi, na dawa za kuzuia mimba zikawa hazipatikani. Uzazi ulipanda ghafla mwaka uliofuata, kisha ukaanza kushuka watu walipopata njia za siri. Kilichobaki juu ni vifo: Romania ikawa na vifo vya uzazi vingi kuliko sehemu nyingine za Ulaya. Amri ilifutwa Desemba 1989, siku chache baada ya utawala kuanguka, na katika mwaka mmoja vifo vya uzazi vikapungua kwa takriban nusu.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mimba kama milioni 73 hutolewa kila mwaka duniani, na karibu asilimia 45 ya hizo kwa njia zisizo salama, nyingi mno katika nchi zinazoendelea. Mwaka 2022 shirika hilo lilipendekeza utoaji mimba uondolewe kabisa kwenye sheria za jinai. Kinachopunguza mimba zinazotolewa ni kupunguza mimba zisizotarajiwa: elimu ya uzazi, na uzazi wa mpango unaopatikana bila aibu.

Nini kilitokea Marekani?

Tangu Januari 1973, kwa uamuzi wa kesi ya Roe dhidi ya Wade, Katiba ilihesabiwa kulinda haki hii katika nchi nzima. Tarehe 24 Juni 2022 Mahakama ya Juu iliutengua katika kesi ya Dobbs na kuliacha suala mikononi mwa majimbo. Zaidi ya majimbo kumi yamekataza karibu kabisa. Mengine, kama Michigan mwaka 2022 na Ohio mwaka 2023, yaliiandika haki hiyo katika katiba zao kwa kura ya wananchi. Ufaransa, ikiona hayo, ikaingiza uhuru wa kutoa mimba katika Katiba yake Machi 2024, kwa kura 780 dhidi ya 72.

Dini zinasemaje?

Hazisemi kitu kimoja, na hata ndani ya dini moja kuna kauli tofauti. Kanisa Katoliki linafundisha kwamba uhai ulindwe tangu kutungwa na linapinga utoaji mimba wa moja kwa moja, ingawa linakubali matibabu ya kumwokoa mama ambayo kijusi hufa bila hilo kukusudiwa. Makanisa ya Kiprotestanti yamegawanyika. Katika Uislamu wanazuoni wengi hutaja siku 120 kuwa wakati roho inapopulizwa. Baada ya hapo hukataza isipokuwa kuokoa maisha ya mama. Kabla ya hapo madhehebu yanatofautiana, baadhi ya Wahanafi wakiruhusu kwa udhuru na Wamaliki wengi wakikataza tangu mwanzo. Sheria ya Kiyahudi humtanguliza mama maisha yake yanapotishwa.

Anayeuliza kwa sababu ya imani yake anastahili kujibiwa na kiongozi anayemwamini, na kiongozi huyo anastahili kuambiwa ukweli wote wa kitabibu kabla hajajibu.

Daktari anaweza kukataa kwa sababu ya dhamiri yake?

Nchi nyingi humruhusu, lakini kwa masharti. Anatakiwa akueleze mapema na akupeleke kwa mwenzake, na katika dharura haruhusiwi kukataa. Hospitali kutumia dhamiri ya mtu mmoja kufunga huduma nzima ni jambo lingine.

Kutoa mimba huleta utasa au saratani ya matiti?

Utoaji mimba uliofanywa salama hausababishi utasa, na tafiti kubwa hazikuonyesha kuwa unaleta saratani ya matiti. Kinachoharibu kizazi ni maambukizi na majeraha: vijiti, waya, sabuni, mizizi, dozi za kukisia. Mifepristoni na misoprostoli, dawa zinazotumika kutoa mimba, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2005. Misoprostoli pia huzuia damu kumwagika baada ya kujifungua, na ndiyo maana hupatikana hata katika nchi zilizokataza.

Nikienda kuhudumiwa nchi nyingine, nitashtakiwa nikirudi?

Kwa kawaida jinai huhukumiwa mahali ilipotendeka, na nchi nyingi hazina sheria ya kumfuata mwanamke nje ya mipaka. Ireland iliongeza haki ya kusafiri katika Katiba yake mwaka 1992, baada ya msichana wa miaka 14 aliyebakwa kuzuiwa na mahakama kwenda Uingereza, zuio ambalo Mahakama ya Juu ililiondoa. Uliza kabla ya safari, hasa ikiwa kuna mtu atakayekusindikiza, kwa kuwa baadhi ya sheria humlenga msaidizi.

Nitajuaje sheria ya nchi yangu kwa uhakika?

Usiishie kwenye sheria ya adhabu, ambako wengi huishia. Soma kifungu kinachokataza, kisha tafuta kifungu kingine, mara nyingi mbali kabisa na hicho, kinachozungumzia upasuaji uliofanywa kwa nia njema ili kuhifadhi maisha ya mama. Angalia Katiba. Angalia sheria ya afya na miongozo ya wizara kuhusu huduma baada ya mimba kutoka. Angalia hukumu za mahakama za juu, maana zinaweza kuwa zimebadilisha maana ya maneno yale yale. Angalia mikataba iliyoridhiwa.

Kama huna nafasi ya kufanya yote hayo, vyama vya wanasheria wanawake na vituo vya msaada wa kisheria hujibu maswali haya bila malipo katika nchi nyingi, na huna haja ya kutaja jina lako unapopiga simu. Waambie umri wa mimba kwa kuhesabu tangu hedhi ya mwisho, hali ya afya, na kama kulikuwa na ubakaji. Kwa hayo matatu wataweza kukuambia sheria inakuruhusu nini.